Kuteleza kwa Pikipiki Si Kudra

Kila masika yanapowadia, usemi ule ule husikika tena maofisini: ajali haina kinga. Ofisa ugani ameteleza na kuvunjika mguu akiwaendea wakulima. Mwalimu ameanguka akipeleka taarifa wilayani. Wenzao huwapa pole, huchangishana fedha za matibabu, na jalada hufungwa. Usemi huo ukitumiwa hivyo huwa ni ngao ya wazembe.

Mwaka 2022 Serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maofisa ugani. Jambo hilo lilikuwa jema. Lakini pikipiki si baiskeli iliyotiwa injini. Kumkabidhi mtumishi ufunguo, akatia sahihi, kisha kumpeleka kwenye udongo mfinyanzi wa milima ya Lushoto au Rungwe pasipo kumfundisha kuendesha penye utelezi, ni sawa na kumpa mtumbwi mtu asiyejua kupiga kasia.

Wala maarifa yenyewe si siri. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana vumbi na mafuta yaliyodondoka juu ya lami huchanganyika na maji yakawa kama sabuni, mpaka mvua izidi na kuyaosha. Awezaye kungoja, na angoje. Ama breki, waendeshaji wengi huikwepa ya mbele na kutegemea ya nyuma peke yake. Hofu yao ina sababu: gurudumu la mbele likikazwa ghafla penye utelezi, mtu huwa chini kabla hajatambua. (Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, lakini wahenga hawakupanda pikipiki.) Hata hivyo, chombo kikipunguza mwendo uzito wake huegemea mbele, na nguvu kubwa ya kusimama iko huko. Basi juu ya lami yenye maji breki zote mbili hukamatwa taratibu, pikipiki ikiwa wima, kabla ya kufika konani. Penye tope zito ile ya mbele huguswa kidogo mno. Mwendo hupunguzwa kwa gia.

Lakini maarifa hayo yatafaa nini ikiwa tairi limekwisha kuwa kipara, halina tena mifereji ya kutoa maji, na fungu la matengenezo limetumika kwa mengine? Yatafaa nini ikiwa mkuu wa idara, apandaye gari, ameitisha kikao saa mbili asubuhi, na mtumishi wa kata ya mbali hana budi kushuka mlima alfajiri mvua ikinyesha, kwa kuogopa kuitwa mchelewaji? Utelezi wa namna hiyo huanzia mezani.

Kwa hiyo, barua ya kutakiwa kujieleza isiishie kwa majeruhi aliye kitandani. Aliyeidhinisha safari naye aandikiwe, aeleze tairi lilikaguliwa lini, na nani alimfundisha mtumishi huyo kabla ya kumpa ufunguo.