Mtundu na Chokoraa

Katika mtaa wa Pioneer, Eldoret, ambako Kiswahili huwakutanisha Wakalenjini, Waluhya, Wakikuyu na wengineo, mtoto anayerudi nyumbani jioni na sare chafu huenda akaulizwa na mzazi: "Wewe ni chokoraa?" Swali hilo halitazamiwi kujibiwa. Hata hivyo, wapenzi wa Kiswahili hawana budi kulichunguza, kwa maana ndani yake umaskini umegeuzwa kuwa utovu wa adabu.

Si kwamba lugha imepungukiwa. Mtukutu ni yule asiyetulia. Mkaidi huambiwa asisikie. Mjeuri hujibu kwa kiburi. Mtoro huliacha darasa. Mtundu naye ana heshima yake: ndiye anayefungua redio aone sauti inatoka wapi, na ndiyo maana utundu husifiwa hata kwa fundi mzima. Mitaani, maneno haya yote yanaelekea kumezwa na "kichwa ngumu", msemo ambao wanafunzi wa sarufi huharakisha kuusahihisha upatanisho, wakauacha ukimchanganya mkaidi na mtoto mzito wa kuelewa.

Chokoraa halimo katika kundi hilo. Maneno yale hutaja tendo au tabia. Hili hutaja mahali mtoto anapolala. Aghalabu wasemaji hulihusisha na kitenzi kuchokora, yaani kuchimbuachimbua kwa kitu chenye ncha, na picha inayowajia ni ya mtoto aliye juu ya jaa la taka. Njaa haikuulizwa. Wapo wanaodai kwamba ni wingi wake, machokoraa, unaomdunisha. Hoja hiyo ni dhaifu: daktari na waziri nao huchukua ma-. Tena msemaji yuyo huyo husema "machokoraa wamelala", wala si "yamelala". Sarufi yake inakiri utu ambao msamiati wake unaukana.

Jambo hili si la Eldoret pekee. Kihispania cha Kolombia kilichukua neno la Kifaransa gamin, lililomtaja mvulana mtundu, kikalifanya gamín, jina la mtoto wa mitaani mwa Bogotá; kisha likawa tusi kwa yeyote asiye na adabu.

Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 humtenga mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi na yule anayekinzana na sheria. Mazungumzo ya nyumbani bado huwachanganya, na shuleni vilevile. Wanafunzi wa ualimu wa Kiswahili waendapo mazoezini wangefaa kuwapa watoto zoezi dogo: kila mmoja ataje kosa kwanza, ndipo atafute neno. Sare imechafuka? Neno mchafu lipo. Amepita dukani, sokoni na uwanjani kabla ya kufika nyumbani? Mzururaji lipo pia. Wakifika kwa chokoraa, waulizwe ni kosa gani wameliandika.