Goma: Vyuma vya meno kwa mtu mzima, ulizo la pesa likome kazini

Siku ya kwanza ndiyo ngumu. Mfanyakazi wa miaka 35 ao 40 anaingia ofisini, anasalimia kwa kichwa tu bila kufungua kinywa, lakini kabla ya saa nne asubuhi kila mtu amekwisha kuona. «Mzee, unataka kuoa tena?» Kama ni mama: «Yaya, umerudi sekondari?» Na yule asiyekosa neno anauliza kama waya hizo zinakamata Radio Okapi. Wote wanacheka, hata mwenye vyuma anacheka, mkono mbele ya kinywa.

Utani huo si shida. Goma na Bukavu watu wanataniana kazini juu ya tumbo, juu ya viatu, juu ya nywele mpya, na kazi inaendelea. Shida ni ulizo linalofuata kwa sauti ndogo: pesa ametoa wapi?

Mahali ambapo mshahara unachelewa, kila kitu kipya kwa mwenzako kinageuka hesabu. Simu mtu anaweza kuificha mfukoni. Vyuma vya meno vinaonekana kila anapozungumza, na mara nyingi vinakaa kati ya mwaka mmoja na miaka miwili. Keshia akiviweka, wenzake wanaanza kuangalia sanduku. Mwalimu akiviweka, wazazi wanajiuliza kama pesa za shule zimeishia kinywani mwake. Bila ushahidi wowote, mtu anageuka mwizi kwa sababu ya meno! Aliyenunua pikipiki kwa zamu yake ya likelemba anapewa pongezi. Aliyelipa munganga wa meno kwa likelemba hiyo hiyo anaombwa maelezo, na hana deni la maelezo kwa mtu. Mkubwa wa kazi anayesikia maneno hayo na kunyamaza anayapa nguvu.

Sehemu ya dharau hiyo inatoka kwenye mawazo kwamba vyuma ni mambo ya watoto, na kwamba mtu mzima anayeviweka anatafuta urembo tu. Sivyo. Jino linasogea kwa umri wowote: waya unalisukuma polepole, mfupa unaliwa upande mmoja na kujengwa upande mwingine. Kwa mtu mzima kazi hiyo inaweza kuchukua muda mrefu zaidi, na munganga lazima kwanza atibu fizi na meno yaliyooza. Tena kwetu watu wengi walizoea kung'oa jino likiuma, basi. Miaka inapita, meno ya jirani yanalalia nafasi ile, kutafuna kunakuwa taabu, chakula kinabaki katikati. Huyo hatafuti kupendeza. (Mwenye mwanya wake wa mbele, kwa upande mwingine, asiuguse. Kwetu ni sifa, na munganga mzuri atamwambia hivyo.)

Saa ya kula ina taabu yake. Sombe inashika kwenye waya kuliko chakula kingine chochote. Muhindi wa kuchoma, muwa na karanga ngumu vinaweza kubandua vile vipande vilivyobandikwa kwenye meno. Anayevaa vyuma anahitaji mswaki kwenye mkoba na maji safi kazini, na hapo ndipo ofisi nyingi zinashindwa. Siku za kwanza meno yanauma, herufi ya «s» inapigwa mluzi. Kwa mtu wa redio ao mwalimu, wiki hiyo ni ndefu. Akisema kidogo kwenye mkutano, asichukuliwe kwamba amekasirika.

Kuna jambo jingine ambalo wacheshi hawalifikirii. Vyuma vinamdai mtu arudi kwa munganga kila wiki nne hadi nane. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, benki zilifungwa na familia nyingi zikatawanyika. Katika mji wa namna hiyo, mtu anayeanza matunzo ya miaka miwili anaweka imani kubwa kwenye kesho. Vyuma vikiachwa bila munganga, meno yanaweza kuoza pembeni ya vipande vile, ao kusogea vibaya. Kwa hiyo anayeanza aombe tangu mwanzo karatasi ya matunzo yake na picha za meno, azibebe na vitambulisho vyake. Akijikuta Kampala, Bujumbura ao Kinshasa, munganga mwingine ataweza kuendelea, ao kuviondoa vizuri. Asijaribu kuvitoa mwenyewe kwa koleo, wala kijana asiye na pesa asifunge meno kwa mipira midogo ya kufungia vitu: mpira huo unapanda chini ya fizi, unakula mfupa, na jino zima linaanguka.