Mti Kwanza ni Mti

Vijana wenzangu wa kalamu, tumezidi! Siku hizi ukisoma hadithi yako mbele ya wenzako, swali la kwanza ni lile lile: "Hiyo sufuria inawakilisha nini?" Ukijibu kwamba ni ya kupikia ugali, unaonekana mshamba. Shule ndiyo iliyotuzoesha: kunguru ni kifo, mvua ni neema, mnyororo ni ukoloni. Andika hivyo, upate maksi.

Mimi sikubali, na shahidi wangu ni Katherine Mansfield, mzaliwa wa New Zealand. Mwaka 1918 alichapisha hadithi fupi iitwayo "Bliss". Humo yumo Bertha Young, mwanamke wa miaka 30 mwenye nyumba nzuri London na furaha tele. Bustanini kwake kuna mpea (si mparachichi wetu, ni ule wa Ulaya) uliochanua mti mzima. Bertha anautazama na kujiamulia: huu ndio maisha yangu. Mnamwona mwenzetu? Kashapata ishara, karidhika! Lakini muda huo huo paka wawili wanakatiza bustanini, mmoja akimfuata mwenzake kama kivuli. Mwili unamsisimka, hataki kuwafikiria.

Usiku wanakuja wageni. Bertha anasimama dirishani na rafiki yake mpya, Pearl Fulton, wakiutazama mti, naye anaamini kwamba wameelewana bila neno. Baadaye Eddie, mshairi, anasifia shairi la supu ya nyanya, eti lina ukweli mzito. Wakati huo ndipo Bertha anapogeuza kichwa na kumwona mumewe kamshika Pearl mabega, wakipanga kuonana kesho.

Na mti je? Upo pale pale, umechanua, umetulia, wala habari hauna.

Hapo ndipo tunapochapwa kofi. Aliyeutafsiri mti ndiye aliyedanganyika. Mti haukusema uongo. Yeye ndiye aliyeubebesha mzigo.

Sisemi kwamba vitu havina maana. Paka wale wanasema mengi. Ila wanasema kwa kuwa kwanza ni paka kweli, mmoja akiburuta tumbo kwenye majani.

Basi, ndugu mwandishi, ukitaka kuandika sufuria, nionyeshe masizi yake, ukingo uliobonyea, na mkono unaoisugua. Maana itakuja yenyewe. Ukianza na maana, utabaki unasifia supu huku mambo yakitokea mlangoni.

Anayebisha, alete kalamu.