Rangi za Mbinguni na Ushahidi wa Jicho

Mwezi huu twapenda kusema na vijana wetu wa Tukuyu na wilaya nzima ya Rungwe, pamoja na wazazi wao, juu ya jambo liwezalo kumvunja kijana moyo na kumfanya mzazi ajutie fedha zake. Nalo ni habari ya rangi za vitu vilivyo mbali mbinguni.

Mara nyingi darubini huuzwa ndani ya sanduku lenye picha za nebula, yaani mawingu ya hewa na vumbi yaliyo kati ya nyota, yakiwaka kwa wekundu, samawati na zambarau. Kijana huielekeza juu, akachungulia, asione ila ukungu wa kijivu. Hapo husema moja katika mambo mawili: ama kwamba picha zile ni za uongo, ama, kwa kuona haya mbele ya wenziwe, kwamba naye ameuona wekundu. Kauli zote mbili si sawa, na ya pili ni mbaya zaidi, kwani ni kushuhudia kisichoonekana. Sisi tunaoulizana kila mwezi ni nani aliyeuona mwezi mwandamo, twaujua uzito wa neno “nimeona”.

Ieleweke kwanza kuwa jicho lina chembe za namna mbili za kupokea nuru. Za kwanza, zipatazo milioni 6, ndizo zipambanuazo rangi, lakini zataka nuru nyingi. Za pili, zipatazo milioni 120, hutosheka na nuru haba, lakini rangi hazizijui. Usiku hizi za pili ndizo zifanyazo kazi. Wala jambo hili si geni: Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040, alikwisha kueleza katika Kitab al-Manazir kwamba rangi hufifia na kuwa kama giza pale nuru inapopungua.

Mwenye shaka na ajaribu nyumbani. Jua likichwa, aitazame kanga nyekundu iliyoanikwa kando ya mgomba. Mchana kanga ndiyo ivutayo jicho. Giza likizidi, kanga huwa nyeusi, na jani la mgomba hubaki likionekana jeupejeupe. Kanga haikubadilika, kilichobadilika ni namna jicho linavyoona. Kwa sababu hiyo hiyo wekundu wa nebula hutupotea. Nuru nyekundu itokayo katika haidrojeni, chembe za usiku haziioni ila kwa shida kubwa. Ama nuru ya oksijeni, iliyo kati ya kijani na samawati, hizo huipokea vizuri.

Mtu atauliza: je, kazi ya darubini si kukusanya nuru? Jawabu ni kwamba huikusanya kweli. Darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 20 hukusanya nuru zaidi ya mara 800 kuliko mboni iliyofunguka gizani. Lakini kwa kuwa hukikuza kitu, nuru ile huitandaza pia. Ni kama mtu aliyeongezewa samli huku akiongezewa na chapati za kupaka: kila chapati hupata kiasi kile kile, au pungufu. Kamera nayo huachwa wazi dakika nyingi, hata saa nyingi, ikilimbikiza nuru; jicho halina uwezo huo.

Tena ziko picha ambazo rangi zake zimechaguliwa. Katika picha mashuhuri ya nguzo za vumbi iliyopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995, nuru ya salfa ilipewa wekundu, ya haidrojeni kijani, na ya oksijeni samawati. Darubini ya Webb, iliyoanza kutoa picha zake mwaka 2022, hupokea nuru ambayo jicho halioni kabisa. Huo si uongo, maadamu wenyewe wameeleza walivyofanya. Ni kama ramani ipakayo milima rangi ya udongo.

Je, hakuna rangi iwezayo kuonekana? Ipo, kwa mwenye subira. Tukuyu ni mji wa mvua, na mawingu ya mlima Rungwe hayana huruma. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo yenye matumaini. Mwishoni mwa Septemba, baada ya saa tatu za usiku, nebula iitwayo ya Zohali, katika kundi la Dalu, hupita karibu kabisa na utosi wetu. William Herschel aliigundua mwaka 1782. Ni ndogo lakini yang'aa, na kwa darubini ya kadiri wengi huiona na rangi ya kijani na samawati. Mwezi huo huo, aamkaye kabla ya alfajiri ataiona nebula ya Jabari, karibu na nyota tatu zilizojipanga mstari. Darubini kubwa kidogo huionyesha kijani hafifu. Nyota nazo, kwa kuwa ni nukta tu na nuru yake haitandazwi, huonyesha rangi hata kwa macho matupu: itazameni ile nyekundu iliyo moyoni mwa Akarabu.

Basi mnunuzi na aulize upana wa kioo, asidanganywe na picha za sandukuni. Mtazamaji na akae gizani nusu saa bila kufungua simu. Akitafuta rangi, asikuze sana, na akitazame kitu moja kwa moja, kwa kuwa chembe za rangi zimejaa katikati ya jicho. Kisha kila mmoja aandike alichokiona kabla ya kusikia la mwenziwe. Baba akiandika kijivu na mwanawe akaandika kijani, asiwepo wa kumwita mwenziwe mwongo, kwani lenzi ya jicho huingia umanjano kadiri umri unavyozidi, na macho hayalingani. Aliyeona kijivu akaandika kijivu ameitumia darubini yake kwa haki.