Mfadhili Akiondoka, Daftari Linabaki kwa Nani?



Tangu Januari 2025, Trump aliposimamisha misaada ya Marekani, na hasa baada ya USAID kufungwa rasmi Julai 1, kila kijiwe cha Mbinga mjini kina mchambuzi wake. Mmoja anasema tumekwisha. Mwingine anasema afadhali, sasa tujitegemee. Wakubwa wa chama tawala wamedandia hilo la pili, utadhani dawa za kufubaza virusi zilikuwa zinanunuliwa kwa ada za uanachama wao. Mimi naona tunabishania swali dogo. Swali kubwa siyo nani kaleta hela. Ni nani kijijini alishika daftari hela ilipofika.

Chukua barabara. Ukitoka Peramiho kuja Mbinga unapita kwenye kilomita 78 za lami zilizojengwa kwa fedha za MCC, shirika la serikali ya Marekani, ndani ya mkataba wa dola milioni 698 uliosainiwa Februari 2008. Aliyewahi kulala njiani na gunia zake za kahawa wakati wa masika hahitaji kuelezwa maana ya lami ile. Kulikuwa na mkataba wa pili unakuja, dola milioni 472, na safari hii ilikuwa zamu ya umeme. Machi 2016 bodi ya MCC ikausimamisha. Sababu walizitaja wenyewe: uchaguzi wa Zanzibar uliofutwa na kurudiwa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kwa hiyo mtu akikwambia mabeberu wametunyima, mkumbushe kuna watu hapa nyumbani waliona kung'ang'ania Zanzibar kuna faida kuliko nyaya za umeme vijijini.

Halafu kuna kilomita 66 za kushuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay. Ile ni fedha ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, na benki ni benki, inakopesha. Tutalipa mimi na wewe, na watoto wa wavuvi wa Liuli ambao hawajazaliwa. Kukopa kwa ajili ya barabara sina ugomvi nako kabisa, maana usipa unafika sokoni ukiwa bado na thamani. Ila jukwaani tunaambiwa "mmeletewa". Mdaiwa anaambiwa ameletewa!

Sasa twende Kindimba, maana huko ndiko kuna somo. Mwaka 1999 hadi 2004, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilifanya kazi milima ya Umatengo kwa msaada wa JICA ya Japani, wakiwemo watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Hawakuanza kwa kuleta trekta. Walianza na ngoro, yale mashimo ya mraba yanayofunika milima yetu: nyasi zinalazwa kama vyumba vya bao, udongo unachimbwa katikati na kufukia nyasi, maharage yanapandwa kwenye kingo, msimu unaofuata mahindi. Mvua ikija, maji yanatuama shimoni badala ya kukimbia na rutuba yote kwenda Ziwa Nyasa. Kazi kubwa ya kuchimba wanaifanya mama zetu, na profesa aliyetoka Japani akakubali kuwa mwanafunzi wao.

Walikuta pia Wamatengo wana sengu, baraza lao la tangu enzi za mababu, watu wanakaa, wanakula pamoja na kumaliza mashauri. Kijiji kikaunda Kamati ya Sengu na kujenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji ya mto. Angalia jinsi jambo hili lilivyo la akili: mashine inataka maji, maji yanataka chanzo kisikaukiwe, chanzo kinataka miti. Hapo hifadhi ya mazingira haihitaji semina ya hotelini wala posho ya kikao. Mama mwenye debe la mahindi kichwani anajua kwa nini mti usikatwe, na anajua nani wa kumuuliza mapato ya mashine.

Hilo la kuuliza ndilo linalowatisha watawala, tena si jana wala juzi. Vijana wenzangu, wangapi mnajua habari ya Litowa, hapo kwa jirani zetu wa Songea? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU, umoja wa vijana kama huu wetu, waliingia porini wakaanzisha kijiji chao. Vijiji vingine vikafuata, wakaunda Ruvuma Development Association. Walikuwa na shule yao, mashine ya kusaga, kiwanda cha mbao. Marafiki wa nje waliwasaidia, Mwingereza Ralph Ibbott akaishi nao na familia yake kama mshauri. Lakini maamuzi yalikuwa ya wanakijiji. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwapenda. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaipiga marufuku RDA, mali ikachukuliwa, walimu wakahamishwa. Hawakuiba. Kosa lao lilikuwa kujiamulia mambo yao bila kusubiri mkubwa wa chama.

Leo marufuku inakuja kwa suti. Kanuni za 2018 zinalitaka shirika linalopata zaidi ya shilingi milioni 20 lipeleke mkataba kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10. Uwazi naukubali. Ila nani amewahi kumwona mtu wa Lituhi akipanda basi hadi Dodoma kusoma mkataba wa kisima chake? Karatasi inapanda juu, haishuki. Na serikali hiyohiyo inayodai uwazi ilijitoa 2017 kwenye mpango wa kimataifa wa Serikali Wazi uliokuwa umeiunganisha tangu 2011. Hata sisi wa vyama, tangu 2019 anayetaka kutupa mafunzo lazima Msajili wa Vyama ajulishwe siku 30 kabla, na anaweza kukataa.

Wazungu nao wasijione malaika. Wanaotuchangia miche ya miti ndio ambao 2022, vita ya Ukraine ilipobana gesi, walipokea meli za makaa ya mawe ya Ruvuma kutoka bandari ya Mtwara. Malori ya makaa yanasaga lami ileile ya MCC hapo Kitai. Mkutano wa mazingira ukija, waulizwe na hilo.

Kwa hiyo tusipoteze muda kumlilia aliyefunga mfuko. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa. Nendeni, wa Umatengo na wa ziwani. Ulizeni kila mradi uliopita kijijini: mkataba uko wapi, mashine iko wapi, funguo anazo nani, mara ya mwisho wanakijiji walisomewa hesabu lini. Andikeni majibu, pigeni picha ukurasa, tuma kwenye kundi la wilaya. Na mtendaji akisema mkutano umeahirishwa kwa kukosa akidi, simameni mhesabu vichwa kwa sauti.