MATUNZO BAADA YA TALAKA: NINI HUKOMA, NINI HAKIKOMI





Lipo shauri ambalo kiongozi wa jumuiya, awe Bagamoyo mjini, Zinga au Mapinga, hana budi kuwa tayari kulipokea. Mume na mke wameachana mahakamani, na mume ameamriwa kutoa matunzo. Baada ya muda mmoja wao anaanza maisha na mwenzi mwingine, na papo hapo fedha zinakatika. Mama huambiwa, "Umekwisha olewa, huna dai tena", au, "Nami sasa nina mke mwingine." Nasi tukiitikia bila kuuliza sheria na dhamiri zasemaje, twashiriki dhuluma.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 115, yaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mwanamume amtunze aliyekuwa mkewe. Mwanamke naye aweza kuamriwa kumtunza mume asiyeweza kujipatia riziki kwa sababu ya ugonjwa au kilema. Mahakama hutazama uwezo wa mtoaji, mahitaji ya mpokeaji, na nani alisababisha ndoa ivunjike. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba haki ya mtalaka kupokea matunzo hukoma anapofunga ndoa nyingine. Hapo hapana dhuluma, maana mzigo umepata mbebaji mwingine.

Lakini hukoma hilo peke yake.

Kwanza, matunzo ya watoto hayakomi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwajibisha mzazi kwa mwanawe, na ndoa mpya ya mama haimwondolei baba wajibu huo. Mtoto hakutoa talaka, wala hakuolewa.

Pili, fungu la mke katika mali iliyochumwa pamoja, ambalo kifungu cha 114 chalihusu, si matunzo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali. Basi mama aliyelea watoto, akapika, akalima mwani kule Mlingotini huku mumewe akijenga nyumba, fungu lake ni jasho lake. Akiolewa tena halipotei.

Tatu, ndoa mpya ya mwanamume haifuti amri ya mahakama. Kama hali yake imebadilika, na arudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe, asijihukumie mwenyewe.

Nne, uvumi si ndoa. Mama kuonekana akizungumza na mwanamume kwenye soko la samaki si sababu ya kumnyima chakula.

Hapa pwani twaishi na ndugu zetu Waislamu, na wengi tumezoea kusikia kwamba matunzo ya mtalaka ni ya eda tu. Huo ni utaratibu wa dini yao. Mkristo mwenye amri ya mahakama asiuchukue kuwa ndio kikomo cha haki yake.

Yawezekana mtu akauliza: je, Padre sasa anatetea talaka? La, hasha. Ndoa halali ya wabatizwa iliyokamilika haivunjwi na mamlaka yoyote ya kibinadamu, na talaka ya serikali haimpi Mkatoliki ruhusa ya kufunga ndoa nyingine. Hata hivyo Katekisimu, namba 2383, yakubali kwamba talaka ya serikali yaweza kuvumiliwa iwapo ndiyo njia pekee ya kulinda haki, malezi ya watoto au mali. Na hata Mahakama ya Kanisa inapotamka kwamba ndoa ilikuwa batili, kanuni ya 1691 yaagiza wahusika wakumbushwe wajibu wao, wao kwa wao na kwa watoto wao. Deni la haki halifutiki kwa hukumu hiyo.

Tena tuwe wakweli. Mama aliyekatiwa matunzo, mwenye watoto watatu na kodi ya chumba, mara nyingine huingia nyumba ya mwanamume mwingine kwa kuwa njaa ndiyo iliyokuwa mshenga. Kisha sisi twamnyoshea kidole kwa maisha yake ya pili, na yule aliyemnyima twampa nafasi ya mbele kanisani. Tusipime dhambi kwa mizani mbili.

Misheni ya Bagamoyo ilianza mwaka 1868, na miongoni mwa waamini wake wa kwanza walikuwamo waliokombolewa utumwani, watu wasio na ukoo wa kuwatetea. Kanisa likawa ukoo wao. Basi na leo, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na akina mama wa WAWATA, msimwache mtalaka aende peke yake. Someni naye amri ya mahakama. Mpelekeni kwa msaidizi wa kisheria, na ikibidi msindikizeni Mahakama ya Mwanzo. Na baba anayedaiwa mwendeeni kwa upole, lakini mwambieni kweli: ndoa yako mpya haijawalisha watoto wako wa kwanza.