Almasi Haikuzaliwa Mwadui

Dai linalorudiwa kuliko yote ni kwamba almasi ni makaa ya mawe yaliyobanwa sana ardhini. Linanikera, maana umri peke yake unalivunja. Makaa ya mawe ni mabaki ya mimea. Yale ya Mchuchuma na Kiwira hayajafikisha miaka milioni 300. Almasi nyingi zilizopimwa zina zaidi ya miaka bilioni moja, na baadhi zaidi ya bilioni tatu, enzi ambazo nchi kavu haikuwa na hata jani. Ziliumbika kwenye mantili, tabaka lililo chini ya gamba la dunia, kwa kawaida kilomita 150 hadi 200 chini, ambako hakuna tabaka lolote la makaa ya mawe.

Wengine husema kimberlaiti, mwamba wa volkano unaochimbwa kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, ndiyo iliyozaa almasi. Kosa hili ni kubwa zaidi, kwa sababu linapotosha hata namna ya kuzitafuta. Bomba la Mwadui, yaani mkondo wa volkano uliojaa mwamba huo, alilolitambua Mkanada John Williamson mwaka 1940, lililipuka miaka milioni 50 hivi iliyopita. Kimberlaiti ni mchukuzi tu. Magma yake, iliyojaa kaboni dioksidi na maji, ilitoka kina kirefu, ikazizoa almasi njiani pamoja na vipande vya mantili, ikazifikisha juu kwa muda wa saa au siku chache. Kasi hiyo ndiyo iliyoziokoa. Zingepanda polepole huku joto likiwa kali, zingegeuka madini ya kinywe, yale yanayopatikana Mahenge na Ruangwa, ambayo nayo ni kaboni.

Basi Mlima Kilimanjaro, ambao pia ni volkano, nao una almasi? Hapana. Volkano za kawaida hupata magma yake kutoka kina kifupi mno. Tena almasi hudumu chini ya bara la kale, nene na lililopoa, kama kratoni ya Tanzania yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5.

Si kweli pia kwamba almasi hubebwa na kimberlaiti pekee: mgodi wa Argyle huko Australia, uliofungwa mwaka 2020, ulichimba lamproaiti, mwamba mwingine wa volkano.

Dai linaloumiza watu mifukoni ni hili: ukiona kimberlaiti, umetajirika. Kimberlaiti nyingi ni tupu, au zina almasi chache zisizolipa gharama. Hata ukubwa hauahidi kitu. Mwadui ina takriban hekta 146 juu ya ardhi, ni miongoni mwa mabomba makubwa kabisa yaliyowahi kuchimbwa duniani, lakini tani 100 za mwamba wake hutoa karati zisizofika 10, yaani chini ya gramu 2. Anayeuziwa eneo kwa sifa ya mwamba wa rangi ya bluu, yaani kimberlaiti, aulize kwanza vipimo vya maabara vya madini ya garneti yaliyomo ndani yake. Garneti zenye kromiamu nyingi na kalsiamu kidogo ndizo zinazoashiria kwamba magma ilipita palipokuwa na almasi.